Waipa za Mwanangu Zinalala kwa Bahiat

Moroni, Jumatano, Mfunguo Sita 20

Zaharia, mke wa mwanangu Toihir, amejifungua mtoto wa kike jana huko Mutsamudu, kisiwa jirani. Habari imekuja kwa simu ya posta, na aliyeileta alikuwa bado yuko mlangoni nilipopiga kigelegele mpaka akaziba masikio. Wote wazima. Naondoka na meli ya Ijumaa, nikae nao mpaka arobaini itimie.

Binti yangu Kamaria ananiuliza daftari nalipeleka la nini. Shule sikuikanyaga hata siku moja, lakini herufi ninazo. Marehemu mume wangu Soilihi alikuwa dereva wa lori Unguja, nilikozaliwa na nilikoolewa. Alinifundisha herufi za Kiarabu kwa kidole juu ya vumbi la boneti, jioni baada ya jioni, mpaka nikaweza kuandika Kiswahili chetu. Mutsamudu hakuna atakayenisoma. Naona nitakuwa na mengi ya kusema na sitakuwa na wa kumwambia, maana naenda kukaa nyumbani kwa Bahiat, mama yake Zaharia.

Mutsamudu, Jumamosi, Mfunguo Sita 23

Nimefika. Pale bandarini mzungu mmoja wa nguo nyeusi alichokoa kikapu changu kwa ncha ya fimbo. Nikamwambia, hiyo samli ya mzazi, toa fimbo yako. Hakunielewa, akacheka. Toihir akanivuta mkono. "Mama, wale usiwaseme." Mwaka wa tano huu tangu wazungu wa bunduki, askari wa kukodiwa, waje, na watu bado wanashusha sauti wakipita karibu yao. Mimi sauti yangu haina pa kushukia.

Nyumba iko mtaa wa Hombo, kando ya barabara, karibu na hospitali. Bahiat ndiye aliyemjengea bintiye, kama desturi yetu ilivyo: nyumba ya mwanamke, mume anakuja na sanduku lake. Nami nilimjengea Kamaria, nikampokea mume wake, nikamlisha, nikajiona mtu mwema sana. Sikumfikiria hata mara moja mama yake aliyebaki kule na kitanda kitupu. Sasa namfikiria.

Bahiat mwenyewe mrefu, meno yote anayo. Amenikumbatia vizuri. Amepika kuku wa nazi, na nilitafuta kasoro mpaka sahani ikaisha.

Sasa nielezee jambo moja, maana ndilo linaloniuma. Toihir anaendesha teksi, Pejo ile ile aliyoihamisha kwa meli kutoka Moroni alipooa. Huku visiwani waipa hazipatikani madukani, hivyo watu wanaziiba. Kwa hiyo kila jioni dereva hufungua zile nati mbili, akang'oa mikono yote miwili ya waipa pamoja na mipira yake, akaenda nayo ndani. Alipokuwa kwangu alinipa mimi. Nikazilaza chini ya mto wangu kama mtoto, asubuhi nikampa. Miaka sita.

Leo jioni amezing'oa, akazifunga katika kitambaa, akaingia nazo. Nilikuwa nimesimama kizingitini. Akanipita. Akampa Bahiat kwa mikono miwili, akainama kama mkwe anavyoinama. "Mama, shika."

Mama. Mimi niko pale, naangaliwa na paka.

Jumapili, 24

Mvua. Mtoto ameitwa Bahiat.

Jumanne, 26

Mtoto namwogesha mimi. Bahiat alitaka, nikamwambia yeye ana maisha yote ya kumwogesha na mimi nina siku arobaini. Akanipisha. Kitoto kina miguu ya Soilihi, kidole cha pili kimekizidi cha gumba. Nimekibusu mpaka kikakasirika.

Zaharia ni mtoto mzuri. Namkanda mgongo kwa maji ya moto, namlisha uji wa pilipili manga, ananiita mama na kulala huku namkanda. Huyu simwonei wivu hata chembe. Mke ni mke. Lakini mama wa pili wa nini, wakati wa kwanza hajafa?

Alhamisi, 28

Nimegundua siri ya Bahiat. Asubuhi anafungua sanduku lake, zilimo shiromani zake za harusi, zile nguo za kujitanda, na dhahabu yake. Humo ndimo zinamolala waipa za mwanangu, juu ya shiromani nyekundu. Anazitoa, anachota mafuta ya nazi kwa kiganja, anaipaka ile mipira, taratibu, juu mpaka chini, kama mtu anavyompaka mtoto.

"Isikauke ikapasuka," akaniambia. "Mpira ni kama ngozi."

Mke wa dereva yeyote anajua kwamba mafuta yakigusa kioo kwenye mvua huoni mbele, unaona maziwa. Soilihi aliwahi kumfukuza utingo kwa jambo hilo. Nilifungua mdomo. Kisha nikayaona macho yake, amefurahi kwa kazi ile, anaipenda, na nikasema: "Mafuta yako mazuri, Mama Zaharia. Yananukia."

Akaniongezea chai.

Mfunguo Saba 2, Jumatatu

Mvua siku ya nne. Toihir amerudi amenuna. Waipa zimekwenda mrama: mkono mmoja unapanda unapita kioo na kugonga chuma cha pembeni, ta, ta, ta, na mwingine unafagia chini mpaka juu ya boneti. Zikikutana katikati zinapigana.

Nilitoka nikatazama nikiwa nimesimama barazani tu, na nikajua. Nilijua kabla hajamaliza kueleza. Jioni anafika amechoka, mvua inanyesha, anazima gari kwa ufunguo wakati waipa ziko katikati ya kioo. Zinasimama hapo hapo. Anaing'oa mikono. Asubuhi anairudisha akiwa ameilaza chini, mahali inapopendeza macho. Lakini vile vijiti vyenye meno vinavyoshika mikono bado viko katikati ya safari! Basi ukiwasha, mashine inaendelea na safari yake na kuipeleka mikono nje ya kioo. Soilihi alikuwa akisema, iache kwanza mashine ifike kwake, ndipo uivishe.

Kwangu Moroni hayakutokea kamwe, kwa sababu kila jioni nilikuwa napiga kelele kutoka jikoni: "Umezima waipa kwa swichi yake?" Hapa hakuna wa kumpigia kelele. Hapa anatunzwa kama balozi.

Sikusema. Ataniuliza, nikasema moyoni. Yuko na mama yake mzazi, mjane wa dereva, hatua tano kutoka kwake. Ataniuliza.

Jumatano, 4

Amemwita fundi, Ridjali, mtu wa maneno mengi na spana moja. Amegonga mashine kwa koleo, akaisikiliza kama daktari.

"Imekufa," akasema. "Mota mpya. Mpaka itoke Reunioni."

"Na mpaka itoke?"

"Endesha polepole, kaka. Na uombe Mungu."

Nilikwenda jikoni nikacheka peke yangu ndani ya sufuria. Kisha kicheko kikaisha, nikabaki nimeshika sufuria.

Alhamisi, 5

Mvua. Mafuta ya nazi.

Jumamosi, 7

Mvua. Mafuta ya nazi. Bahiat ameniambia tangu nimekuja nyumba imechangamka. Ananiudhi kwa wema.

Jumatatu, 9

Leo aliniuliza. Naandika ili nisije kujidanganya baadaye kwamba hakuniuliza.

Alikuwa amekaa ngazini, anafuta kioo kwa gazeti na kioo kinazidi kuwa cheupe. Nikakaa karibu naye na mtoto mapajani. Akasema, "Mama, hivi baba alikuwa anazipangaje waipa za lori?"

Moyo wangu uliruka. Nikajitengeneza leso, nikakohoa, nataka nianze mwanzo, na lori lenyewe, na rangi yake. Nikasema, "Baba yako, Mungu amrehemu, kwanza..."

Bahiat akaita kutoka ndani: "Toihir, baba, chakula kinapoa."

Akainuka. Hakusema ngoja. Alisema, "Utaniambia, mama," akaingia, na nikasikia kiti kinavutwa na Bahiat anacheka.

Alipotoka kula alikuja akasema, "Haya, ulikuwa unasema baba alifanyaje?"

"Nimesahau," nikasema. "Mimi mzee. Muulize Ridjali."

Alinitazama kidogo. Akaenda kazini.

Alhamisi, 12

Nitaandika yote.

Kabla ya alasiri mvua ilikuwa kubwa hata hospitali ng'ambo ya barabara haionekani. Akaja dereva mwenziwe, Djoumoi, ameloa, hakuvua hata viatu. Akasema Toihir alikuwa anapandisha abiria wawili kutoka bandarini. Wale wazungu walikuwa wameweka mti wa kuzuia njia pale chini, asubuhi haukuwepo. Hakuuona. Ameuvunja kwa gari. Walimwelekezea bunduki, wakamshusha yeye na abiria wake, wakawalaza kifudifudi katika maji. Abiria wameachiwa. Toihir yuko ndani ya ua wao. Wanasema alikusudia.

Zaharia akapiga ukelele mmoja, maziwa yakamtoka, kanzu ikaloa. Nilimkumbatia, nikamwambia mumeo atarudi leo hii, nyonyesha, usimpe mtoto hofu. Nilisema kama mtu anayejua.

Mimi na Bahiat tukatoka. Sikuwa na cha kujifunika. Akafungua shiromani yake, tukaingia wote wawili chini yake, bega kwa bega, tukateremka hivyo mpaka kwenye geti la wale wazungu. Pejo ilikuwa pale, imeinamisha pua, kioo cheupe kama jicho la kipofu, waipa moja imepanda juu ya paa.

Askari wa kwetu aliyekuwa getini akasema, "Nyinyi mama zake? Yupi?"

"Sote," akasema Bahiat.

"Subirini."

Tukasubiri. Maji yalikuwa yanapita juu ya vidole vyetu. Bahiat alikuwa anasoma dua, na kila akimtaja anasema mwanangu Toihir, mwanangu Toihir, na kwa mara ya kwanza halikuniuma neno lile. Kiliniuma kitu kingine.

"Bahiat," nikasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Waipa. Mota haijafa. Ni mkao tu. Nimejua tangu siku ya kwanza, kazi ya dakika tano."

Akakatiza dua. Kisha akasema, "Na mafuta yangu?"

"Na mafuta. Yanafanya kioo kisione."

"Ukaniambia yananukia."

"Nikakuambia yananukia."

Alivuta shiromani yake. Hakuwa na hasira usoni, aliivuta tu kama mtu anayechukua chake, akaenda kusimama upande wa pili wa geti. Nikabaki kwenye mvua. Ilinistahili. Nilitamani inipige zaidi.

Akasema kutoka kule, bila kunitazama: "Kwa nini?"

"Anakupa wewe."

"Ananipa nini?"

"Waipa. Jioni. Alikuwa ananipa mimi."

Nilitaraji atanitukana. Nilikuwa tayari, hata nilikuwa na la kumrudishia. Lakini alinitazama kutoka chini ya shiromani, akasema, "Mwanamke mjinga sana wewe." Hakuja. Wala hakuifunga ile shiromani. Aliacha upande mmoja umefunguka.

Sikwenda. Nilikuwa na haya.

Jua lilipotoka kidogo, karibu na magharibi, wakamwachia. Mzungu mmoja aliwasha gari yeye mwenyewe, akajaribu waipa, akaona zinavyopigana, akawaita wenzake waje wacheke. Kicheko hicho ndicho kilichomtoa mwanangu. Shavu limechubuka, magoti yamechunika, mzima. Nilimshika uso kwa mikono miwili. Bahiat alimshika mkono. Akatutazama sote wawili, akasema, "Mbona mmoja kaloa na mwingine kakauka?"



Ijumaa, 13

Wanaume wameenda msikitini. Bahiat alikuja jikoni na kitambaa cha waipa mkononi, akasema, "Toka. Nifundishe."

"Mimi nitazitengeneza mara moja tu, basi," nikasema.

"Wewe utapanda meli. Mimi ndiye nitakayebaki naye. Nifundishe."

Maneno hayo yaliingia kama sindano, na yalikuwa kweli.

Kwanza kioo. Ndimu mbili na majivu, kisha maji, kisha gazeti kavu, mpaka kikalia chini ya kidole. Mipira nayo kwa sabuni, mara tatu, na Bahiat akiisugua kwa uchungu kama anayemvua mtoto nguo ya Idi. Kisha nikaingia kwenye kiti cha dereva, nikawasha ufunguo. Miaka mingapi sijakaa pale! Vile vijiti viwili vyenye meno vilikuwa vinazunguka vitupu, kushoto, kulia, bila mikono.

"Sasa nazima kwa swichi yake, si kwa ufunguo," nikamwambia. "Tazama. Vinarudi kwao. Ngoja. Ngoja... vimesimama. Hapo ndipo kwao. Sasa laza mikono chini, sawa na ukingo wa kioo, uivishe. Mrefu upande wa kulia."

"Kulia?"

"Kulia, kwa dereva. Nimeona kazi hii kabla hujaolewa."

Akasimama na ule mkono mrefu. "Mama Toihir, wewe umekaa wapi sasa hivi?"

Nikatazama usukani. Nilikuwa nimekaa kushoto. Unguja dereva anakaa kulia. Hapa Wafaransa waliwakalisha madereva kushoto, na mimi miaka kumi na tisa tangu nitoke Unguja bado nazipanga waipa za huko kichwani. Bahiat alicheka mpaka akaegemea boneti. Nami nikacheka, sikuwa na njia.

Mrefu kushoto. Nati, si kwa nguvu sana. Nikamwagia kioo kopo la maji, maana kikiwa kikavu mpira unakwaruza na kukudanganya. Nikawasha. Zikapanda pamoja, zikashuka pamoja.

"Rudia wewe," nikamwambia. "Ng'oa zote."

Aling'oa, akarudia. Mara ya kwanza alisahau kungoja. Ya pili alipatia. Anashika nati vizuri kuliko mimi, vidole vyake havina baridi yabisi. Hilo nalo nimeliona, wala sikulipenda.

Akijifuta mikono akasema, "Mimi simwambii kitu. Utamwambia mwenyewe."

Jumamosi, 14

Sijamwambia.

Jumapili, 15

Sijamwambia. Anadhani Ridjali ndiye aliyetengeneza kimyakimya kwa aibu, na amemsifu mbele ya watu. Ridjali amekubali sifa.

Jumanne, 17

Nimemwambia. Alikuwa amembeba mtoto, nikaona afadhali, hatanipigia kelele. Nilisema yote, nimesimama: mafuta, waipa, siku ile ngazini, na "nimesahau." Nikasema, nusura nikuue kwa sababu ya sanduku la mwanamke mwenzangu.

Akauliza jambo moja. "Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa hujasahau?"

"Sijasahau neno la baba yako hata moja."

Akampa Zaharia mtoto, akatoka. Jioni alikula nje.

Alhamisi, 19

Toihir hasemi nami. Ananisalimu, anabusu mkono, hasemi. Bahiat ananipakulia mimi kwanza sasa, hata kabla ya Toihir. Sijui kama ni huruma au ni kiburi. Nakula.

Jumapili, 22

Mvua imepungua. Mtoto ametabasamu, au ni tumbo. Nimeamua ametabasamu.

Jumanne, 24

Amezungumza. Alikuja uani ninapoanika nepi, akachukua upande mmoja wa nepi tukaikamua pamoja.

"Mama, ungeniambia tu unataka kuzishika wewe."

"Mambo gani hayo ya kuomba? Mtu anaomba hayo?"

"Sasa ningejuaje?"

Nikamwambia ana nywele ndefu mno, akanyoe. Akacheka kwa pua, kama baba yake. Tukamaliza nepi zote.

Ijumaa, 27

Mvua imerudi jioni hii, ya kuagia. Mimi na Bahiat tulikuwa barazani tunachambua mchele, sinia moja. Pejo ikafika. Tukasikiliza, sote wawili, mikono imesimama ndani ya mchele. Akazima waipa kwa swichi yake. Zikalala. Ndipo akazima gari. Bahiat akaitikia kwa kichwa, nami nikaitikia.

Akazing'oa, akazifunga kitambaani, akapanda ngazi. Nilijikuta nimefuta mikono kwenye kanga. Nilipotupa jicho pembeni, Bahiat naye alikuwa anafuta yake.

Mwanangu akasimama mbele yetu, akatazama huku, akatazama kule. Kisha akatupita sote wawili, akaenda mpaka mlangoni aliposimama Zaharia na mtoto begani.

"Mke wangu," akasema, "shika wewe."

Zaharia akazipokea kwa mkono mmoja, kama fimbo za kuni, akaingia nazo ndani. Tukasikia akizitupa mahali. Juu ya kabati, nadhani.

Tukakaa. Mchele hauchambuliki.

"Kazitupa," akasema Bahiat.

"Nimesikia."

"Hata kuzifuta maji hakuzifuta."

"Hajui kitu," nikasema. "Na mkwe wangu yule nilikuwa nampenda."

"Binti yangu mwenyewe," akasema Bahiat, na akasogeza kigoda chake karibu na changu, tukakaa tunautazama mlango ule, tumenuna pamoja.